Unataka Kushusha Gari Yako ya Kwanza na Doo Kidogo? Soma Hii Kabla Fundi Awashe Grainda

Umejinyima, mathe amekuongezea kitu, na mwishowe ka-Vitz kako ka kwanza kameingia mtaani. Wiki ya kwanza unakaosha kila siku. Wiki ya pili unaanza kuona ile nafasi kati ya tairi na fenda, gari inakaa kama long'i ya shule imepanda juu ya soksi.

Tunakuelewa. Sisi wa Eastlands tulilelewa na nganya, kuacha gari vile ilitoka kiwandani ni ngumu. Halafu kuna fundi hapo base anakwambia, "Leta tu nikate springi, ni dakika ishirini."

Maze, mimi nilikata zangu. Miezi mitatu baadaye tairi za mbele zilikuwa na upara upande wa ndani, na kila bampu ya Rabai Road nilikuwa naisikia kwa meno. Nikanunua springi, shoki na tairi mbili. Ile rahisi ilinitokea ghali kuliko kununua kitu poa mara moja. So wewe fuata hii njia.

1. Angalia kama gari ilishainuliwa

Wakenya wengi huinua gari juu ya barabara zetu. Kama ulinunua kwa mtu hapa hapa, chungulia juu ya shoki. Ukiona kipande cha chuma, raba au plastiki ngumu hapo katikati, hiyo ni spesa. Kuitoa ni pesa ya fundi tu, na gari inashuka bila kununua kitu.

Cheki tairi pia. Vitz nyingi za 2005 mpaka 2010 zilikuja na 165/70R14. Hiyo 70 inamaanisha urefu wa ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana wake. Kama mwenye gari wa kwanza aliweka 185/70R14, gari iko juu milimita 14 zaidi. Siku utabadilisha tairi, rudi size ya kiwanda na utashuka karibu sentimita moja na nusu.

2. Pima bampu ya kwenu

Hapa ndio wengi huchomeka. Jaza gari vile huwa inajaa Jumamosi: wewe na mbogi ya watu wanne. Pima kutoka chini mpaka ile sehemu iko chini kabisa, mara nyingi ni egzosi. Halafu nenda upime bampu ya geti yenu, ile watu wa mtaa walijijengea bila kuuliza injinia. Toa moja kwa nyingine, kisha ubakishe sentimita kadhaa kwa sababu gari hudunda. Kinachobaki ndio unaweza kushuka. Kama hakuna kinachobaki, buda, barabara yenu imeshakujibu.

3. Sasa chagua

*Kukata springi.* Springi ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Shoki yako haikutengenezwa kwa hiyo, so gari inaruka ruka. Mbaya zaidi, springi fupi inaweza kulegea gurudumu likining'inia kwa shimo, ikatoka mahali pake. Na fundi akitumia gesi kuichoma, kimbia. Moto unaua nguvu ya chuma, gari inaendelea kuzama polepole, kila upande na urefu wake.

*Springi za kushusha.* Hizi zimetengenezwa fupi na ngumu kidogo tangu mwanzo, na nyingi hushusha kati ya sentimita 2 na 4. Kwa msee wa bajeti, hii ndio jibu. Sharti ni moja: shoki ziwe fiti. Shoki inavuja mafuta? Anza na hiyo, springi zingoje mwisho wa mwezi ujao.

*Koilova.* Hapa unapandisha na kushusha mwenyewe kwa kuzungusha nyuzi. Mpya ni doo mrefu. Za mtumba kutoka Japani, hata kama zimeandikwa Tein, angalia kama zinavuja, kama nyuzi zimeshikwa na kutu, na kama zote nne zinarudi sawa ukizisukuma. Moja ikikataa, weka pesa mfukoni.

Ukienda Grogan, pale Kirinyaga Road, usiseme tu "springi ya Vitz." Beba ile kodi ya modeli, kama KSP90 au SCP90, kwa sababu Vitz si moja. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa pesa.

Na usijaribu kufungua springi ya mbele nyumbani na waya. Imebanwa na nguvu ya kuua mtu. Inataka kifaa chake cha kuibana na fundi anayekijua.

4. Kazi haijaisha

Ukishusha, pembe za magurudumu zinabadilika. Alainimenti iwe kwa bajeti tangu siku ya kwanza, la sivyo tairi zitaliwa kama zangu. Pangilia taa pia. Halafu jaza mbogi tena, kata usukani mpaka mwisho pande zote na usikilize kama tairi inagusa fenda. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki kinataka gari yako isiwe hatari kwako wala kwa wengine, na karao akikusimamisha Jogoo Road, tairi imeisha upande mmoja ni kesi rahisi sana.

Kama doo ya springi, shoki na alainimenti haijatosha, ngoja. Hakuna mtu alishawahi kulala njaa juu ya gari iko juu. Lakini mathe akikaa kiti cha nyuma akienda kanisa, hiyo springi ulikata ndio imembeba.

Haya, chukua tepu. Bampu ya kwenu ni sentimita ngapi?