Je, Wajua? Thamani ya Jodari Hupimwa Mkiani

Je, wajua kwamba katika soko la jumla la Toyosu, mjini Tokyo, lililorithi mnada wa Tsukiji mwaka 2018, jodari hathaminiwi kwa uzani wake peke yake? Kabla ya kengele ya mnada kulia alfajiri, wanunuzi mahiri, tochi mkononi, huichunguza nyama iliyokatwa mkiani, wakaitazama rangi yake, kisha wakasugua kipande kidogo baina ya vidole ili wabaini kadiri ya mafuta. Kwani samaki mwenye nyama nyekundu ing'aayo na shahamu tele, aliyevuliwa kwa ustadi na kuhifadhiwa barafuni pasi na kuchelewa, huweza kumshinda kwa thamani mwenziwe aliye mzito zaidi. Basi mvuvi amtunzaye samaki wake tangu chomboni hapotezi jasho lake bure.