Kamera ya Akiba Mfukoni mwa Askari

Akiba haiozi. Neno hili la wahenga halihitaji kufafanuliwa kwa askari, kwani hakuna kikosi kiendacho kazini bila ya risasi za akiba, maji ya akiba na watu wa akiba. Lakini yuko askari mmoja ambaye mara nyingi huenda kazini bila ya akiba yo yote, naye ni mpiga picha. Hutundika shingoni kamera yake moja kubwa, akaitegemea kana kwamba chombo hicho hakina siku ya kugoma.

Siku hiyo ipo. Sisi wenyewe tulikutana nayo katika gwaride la kuhitimu mafunzo. Mgeni wa heshima alipoinuka kupokea saluti, kamera yetu kubwa ilikwama. Kioo chake cha ndani kilinyanyuka kisishuke tena. Tukaharakisha kuitoa ile ndogo iliyokuwa mfukoni. Betri yake ilikuwa imekufa, maana tangu ilipowekwa humo hakuna aliyeikumbuka. Gwaride likapita mbele yetu nasi tunatazama kama watazamaji wengine.

Hasara yetu ilikuwa ndogo. Je, ingekuwaje kama pale pangekuwa mahali pa ajali ya barabarani? Alama za magurudumu hufutwa na mvua, magari huvutwa kando ili njia ifunguke, na shahidi husahau. Picha isiyopigwa saa ile haipatikani tena, wala hakimu hawezi kuletewa maneno ya kuomba radhi badala ya ushahidi.

Wako wasemao kwamba kamera ya mfukoni ni kitu cha watalii. La hasha! Tarehe 29 Mei, 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha mlima Everest, katika msafara ulioongozwa na mwanajeshi, Kanali John Hunt. Hillary alitoa kutoka ndani ya nguo zake kamera ndogo ya kukunjwa aina ya Kodak Retina, aliyoificha humo isishikwe na baridi, akampiga Tenzing picha iliyojulikana dunia nzima. Kamera iliyofaa siku ile ni ile iliyoweza kubebwa mpaka juu, ikafika ingali inafanya kazi.

Basi mtu achague ipi? Dukani, jambo la kwanza atakaloonyeshwa ni nguvu ya kuvuta: mara 8, mara 15, mara 40. Yafaa tuielewe hesabu hiyo. Mara 40 ni tofauti iliyopo kati ya mwanzo wa lenzi na mwisho wake. Haisemi lo lote juu ya uzuri wa picha, wala juu ya kazi ambayo kamera hiyo itaweza kuifanya gizani.

Jambo la kuulizia ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea nuru mahali ilipokuwa filamu zamani. Katika kamera kubwa kama Nikon D850, kihisi kina upana wa milimita 36 hivi na kimo cha milimita 24. Katika kamera ndogo zilizo bora, kile kiitwacho cha inchi moja kina milimita 13.2 kwa 8.8. Katika ndogo zaidi, kihisi ni kama milimita 6.2 kwa 4.6 tu, yaani eneo lake ni robo ya hicho cha inchi moja. Kihisi kikiwa kidogo hukusanya nuru kidogo, na picha ya usiku hujaa chembechembe mithili ya mchanga.

Tutoe mifano mitatu. Canon PowerShot SX740 HS, iliyotolewa mwaka 2018, huvuta mara 40, kutoka kiasi cha milimita 24 hadi 960. Kihisi chake ni kile kidogo kabisa, na lenzi ikivutwa hadi mwisho hupitisha nuru pungufu ya robo ya ile ya mwanzo. Yamfaa alindaye mpaka mchana wa jua kali, atakaye kuona kilicho ng'ambo ya bonde. Panasonic TZ200, ya mwaka huo huo, ina kihisi cha inchi moja, huvuta kutoka 24 hadi 360, na ina kitundu cha kuchungulia, ambacho ni msaada mkubwa jua linapoufanya uso wa kioo cha nyuma usionekane. Sony RX100 VII, ya mwaka 2019, nayo ina kihisi cha inchi moja. Huishia 200 tu, lakini lenzi yake hupokea nuru zaidi. Hiyo ndiyo ya kuaminiwa jioni, ndani ya nyumba na mahali pa tukio, ingawa bei yake ni kubwa. Zote tatu zina uzito wa gramu 300 hadi 340 hivi, ilhali D850 hufikia kilo moja kabla ya kufungwa lenzi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: usichague kamera ya akiba kwa kuwaza itakayoweza kuona mbali kuliko zote. Jiulize, kamera kubwa ikifa sasa hivi, ni kazi gani isiyoweza kungoja? Kwa polisi wengi, kazi hiyo iko hatua chache mbele yao, na mara nyingi ni usiku. Kihisi kikubwa kitamfaa kuliko mvuto mrefu.

Hata hivyo, kuchagua ni nusu ya kazi. Betri ndogo huisha upesi: TZ200 hupimwa kwa picha 370 hivi, hali D850 hupimwa kwa 1,840. Hatuna budi kuwa na betri ya pili na kuzichaji zote kila juma. Saa za kamera zote mbili zilinganishwe kabla ya kuondoka, ama sivyo picha za tukio moja zitatoa saa mbili, na wakili wa mshitakiwa atauliza kwa nini. Kadi ziwe za aina moja ili moja iweze kuokoa nyingine. Tena kamera ndogo ifungwe katika mfuko usiopenya vumbi, kwa maana lenzi itokayo na kurudi huvuta vumbi ndani, na likifika kwenye kihisi haliondoki mpaka kamera ifunguliwe na fundi.

Mwisho, ndugu askari, itumie. Walau siku moja kila juma iache ile kubwa ofisini, ukapige picha kwa ile ndogo peke yake, mpaka vidole vijue vifungo vyake gizani. Askari wa akiba asiyefanya mazoezi ni hesabu tu katika daftari. Kamera ya akiba nayo ni vivyo hivyo. Na sisi tulijifunza jambo hilo tukiwa tumesimama uwanjani, gwaride likitupita.