Kuwasha Kompyuta Iliyo Mbali na Fundi

Kompyuta ya ofisi ikikwama mbali na fundi, mara nyingi anayehitajika ni mtu wa kubonyeza swichi tu. Kazi hiyo yaweza kufanywa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012.

Pini zake kadhaa huamriwa na programu kutoa volti 3.3. Swichi ya mbele ya kompyuta ya mezani nayo haikati umeme wa ukutani. Hugusanisha pini mbili za bodi kuu kwa muda mfupi. Hivyo fundi hutuma amri kwa intaneti, Raspberry Pi huamsha rilei, nayo rilei hugusanisha pini hizo.

Tunasisitiza mambo mawili. Kwanza, rilei iwe na transista yake, maana pini ya Raspberry Pi ikiunganishwa na volti 5 yaweza kuungua. Pili, mguso wa nusu sekunde huwasha kompyuta. Ukidumu sekunde kadhaa huizima ghafla, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Mguso mrefu utumike pale tu njia nyingine zote zimeshindikana.