Usomaji wa Msimbo wa Viendeshi: Mfano wa Hifadhi ya Wingu katika Kerneli ya Linux

Katika mwaka 2021 kampuni ya Microsoft iliwapelekea watunzaji wa kerneli ya Linux msimbo wa kiendeshi kipya, ambacho kazi yake ilikuwa kuharakisha njia ya kuifikia hifadhi yake ya wingu iitwayo Azure Blob. Msimbo wenyewe haukuwa mrefu, lakini ulirudishwa na kuletwa upya mara kadhaa, na kila mara ulikuja na masahihisho. Kwa mtu aliyezoea kazi za lugha, jambo la kuangaliwa hapa si mashine bali ni namna ya kusoma. Yako maandishi ambayo husomwa na watu kabla ya kusomwa na mashine, tena kwa kanuni kali kuliko za mhariri ye yote wa vitabu, na sababu za ukali huo zafaa kuelezwa.

Yafaa kwanza kuyaweka wazi maneno. Kerneli ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, ambayo hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu na kuzungumza na vifaa. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nayo leo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za wingu duniani. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huisimamisha, na nyingine huendelea na kazi zao. Kerneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuizuia. Kiendeshi ni kipande cha msimbo kinachoifundisha kerneli kuzungumza na kifaa fulani, na katika Linux kipande hicho hukaa ndani ya kerneli, kwa mamlaka yale yale. Neno “dereva” lingalipotosha, kwa kuwa dereva ni mtu mwenye hiari. Kiambishi ki- kimeokoa maana, kwa sababu kinaonyesha chombo tu. Kwa maneno mengine mawili Kiswahili hakikuhitaji kutafuta: kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe zinazokaa juu yake huitwa wageni. Wageni kadhaa wasiojuana huweza kulala katika nyumba moja, na mwenyeji ndiye mwenye funguo zote.

Kwa desturi, programu iliyo ndani ya mgeni ikitaka data kutoka hifadhi ya wingu, huandika ombi kwa itifaki ya HTTP, ombi hufichwa kwa usimbaji fiche, hupita katika tabaka zote za mtandao za mgeni, hufika kwenye seva za mbele, ndipo hupelekwa penye data. Ni safari ndefu. Kiendeshi kilicholetwa kilikusudia kuikata: programu imkabidhi mwenyeji ombi lake moja kwa moja, kwa mfereji uitwao VMBus, naye mwenyeji alipeleke kwa njia yake mwenyewe hadi kwenye seva za hifadhi. Mfereji huo haukuwa mgeni kwa watunzaji, maana Microsoft ilitoa viendeshi vyake vya kwanza vya Linux mwezi Julai 2009, vikiwa na mistari ya msimbo ipatayo 20,000.

Basi, swali la kwanza la mkaguzi si kama msimbo ni sahihi. Swali la kwanza ni kama jambo lenyewe lifaa kuwapo. Kiendeshi hiki hakikujionyesha kama diski, wala kama mfumo wa mafaili. Kilifungua faili moja la kifaa na amri moja ya pekee ambayo programu ingeitumia kupitisha maombi yake. Amri ya namna hiyo ni neno jipya katika mkataba kati ya kerneli na programu zote. Watunzaji wa Linux wana sheria wanayoishika kwa nguvu, ya kuwa kerneli mpya isivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kosa lililo ndani ya kiendeshi laweza kusahihishwa wiki ijayo, lakini amri ikishatumiwa na watu hairudishwi. Wasomaji wa jarida kama hili wataikumbuka Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo nayo iliyapitia maandishi ya vitabu kabla ya kupigwa chapa: tahajia ikishaingia katika vitabu vya shule, gharama ya kuitoa huwa kubwa kuliko gharama ya kuikataa mapema. Tofauti ni ya kwamba mtu akiikuta tahajia ya zamani huisoma tu, na mashine haina uvumilivu huo.

Swali hilo likipita, ndipo mkaguzi huanza kusoma mstari kwa mstari, na usomaji wake ni wa namna ya pekee. Mathalan, programu humpa kiendeshi anwani ya mahali katika kumbukumbu yake palipoandikwa ombi, pamoja na urefu wa data. Kiendeshi husoma urefu, hukuta kuwa ni baiti 4,096, huridhika. Kisha hurudi kusoma ombi zima ili alinakili. Msomaji wa kawaida haoni kosa lo lote, kwa maana katika karatasi neno lililosomwa mara mbili ni neno lile lile. Lakini kumbukumbu hiyo ni mali ya programu, na uzi mwingine wa programu hiyo hiyo waweza kuubadili urefu kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Kilichokaguliwa sicho kilichotumika. Dawa yake ni kunakili mara moja ndani ya kerneli, kisha kukagua na kutumia nakala hiyo peke yake. Wanaolinganisha miswada wanaijua shida ya nakala mbili zisizolingana; hapa shida ni nakala moja isiyolingana na nafsi yake.

Jambo la pili ni uhai wa vitu. Ili mwenyeji aandike data katika kumbukumbu ya mgeni, kiendeshi hapana budi kizishikilie zile “kurasa” za kumbukumbu (neno hili nalo limeazimwa kutoka vitabuni) zisihamishwe wala zisigawiwe mwingine. Je, programu ikiuawa wakati ombi lingali njiani? Kiendeshi kikiziachilia kurasa mara ile, zitapewa programu nyingine, na mwenyeji, asiye na habari, ataandika data ya marehemu juu ya mali ya aliye hai. Kikingoja mno, programu iliyouawa haifi. Tena, je, mwenyeji akikiondoa kifaa wakati faili lake lingali wazi? Kiendeshi kitafuta kumbukumbu zake za kazi, kisha programu itakuja kugusa kisichokuwapo. Hayo yote hayaonekani katika mistari iliyoandikwa. Mkaguzi huyaona katika mistari ambayo haikuandikwa. Mashairi ya kale yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu bila irabu yalidai msomaji wa jinsi hiyo, anayejua kinachokosekana kwa kuwa anaijua lugha nzima.

La tatu ni imani. Zamani viendeshi vya VMBus vilimpa mwenyeji anwani halisi ya kumbukumbu iwe alama ya ombi, na jibu liliporudi, viliifuata anwani iliyorudishwa bila shaka yo yote, kwa kuwa mwenyeji alihesabiwa kuwa mwaminifu. Ilipokuja mitambo inayokusudiwa kumficha mgeni hata kwa mwenyeji wake, desturi hiyo ikawa hatari. Kati ya 2020 na 2021 viendeshi hivyo vilirekebishwa, vikawa hupeleka namba tu, na namba iliyorudi hutafutwa kwanza katika orodha ya maombi yaliyo njiani. Kiendeshi kilichofika baada ya hapo kilipaswa kusomwa kwa kipimo hicho kipya, ijapokuwa ndugu zake wakubwa waliingia kwa kipimo cha zamani.

Yako na madogo: nafasi tupu katikati ya rekodi, ambazo zisipofutwa huvujisha masalio ya siri za kerneli, jongezo la herufi nane, mistari ambayo kwa miaka mingi haikutakiwa kupita herufi 80, hata mwaka 2020 onyo la chombo cha ukaguzi likasogezwa hadi 100.

Maelezo yanayoandamana na kila kiraka nayo yana sarufi yake. Mwongozo wa watunzaji wataka mabadiliko yaelezwe kwa hali ya kuamrisha, kana kwamba mwandishi anauamuru msimbo ubadili tabia zake. Si “nimefuta” wala “kiraka hiki kinafuta”, bali “futa”. Hapana nafsi, hapana wakati. Nafsi hurudi mwishoni, katika sahihi. Tangu mwaka 2004 kila mletaji hutia jina lake kuthibitisha ya kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo, na msomaji naye, akiwa ameridhika, hutia jina lake kuwa amekagua. Sahihi hiyo ya pili haidhamini kwamba hakuna kosa. Yasema tu ya kuwa mtu huyu amesoma kwa uwezo wake wote. Udhaifu wake ulionekana mwaka huo huo wa 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wameandika juu ya jaribio la kupeleka viraka vyenye makosa ya makusudi, ili kupima kama wakaguzi wangeyaona. Mwezi Aprili mtunzaji Greg Kroah-Hartman akatangaza kuvikataa viraka vya chuo hicho, na vile vya nyuma vikaanza kusomwa upya. Kazi hiyo iliangukia watu wale wale ambao tayari walikuwa wachache.

Kwa kiendeshi cha Azure Blob hapakuwa na hila. Palikuwa na kampuni iliyotaka njia fupi kwa ajili ya huduma yake, na watunzaji waliotakiwa kuipokea njia hiyo iwe mali ya wote na mzigo wao wa miaka yote ijayo. Kiendeshi hicho hakikuingia katika kerneli kuu. Programu zilizo ndani ya wageni zaendelea kuifikia hifadhi ile kwa HTTP, kwa safari ile ndefu.