Skopu sita, hasara moja: picha haikuambii kitu kimetengenezwa kwa kazi gani

Leo naleta somo ambalo nimelilipia kwa hela yangu mwenyewe. Hata kama wewe unauza vyombo au viatu, soma mpaka mwisho, linakuhusu.

Mimi nipo Arusha, nauza vifaa vya safari kupitia Instagram na WhatsApp: darubini za kuangalia wanyama, tochi za kichwani, buti, makoti ya mvua. Mwaka jana, mwezi wa tano, mzee mmoja akaniandikia. Kazi yake ni kuongoza wawindaji wa kitalii, bunduki yake ina leseni, na msimu ulikuwa karibu kwa sababu huku kwetu unafunguliwa Julai.

"Kijana wangu, wewe si unauza darubini? Nitafutie skopu, ile ya juu ya bunduki."

Nikamjibu, "Shikamoo mzee wangu, hiyo ndogo sana." Kumbe hata sijui naongea nini.

Nikaingia kwenye mtandao wa jumla wa China, nikakuta skopu imeandikwa 3-9x40, ina jina la kampuni kubwa ya Marekani, bei kama elfu tisini kwa moja ukichukua sita. Picha safi, nyota za kutosha. Nikachukua sita, nikaposti, nikauza kwa laki mbili na themanini. Mzee akachukua moja, mteja mwingine akachukua moja. Nikajiona nimepata mgodi.

Wiki ya tatu mzee akaja dukani mwenyewe, plasta juu ya nyusi. Akaweka skopu mezani taratibu.

"Nimeenda kuipima kwenye shabaha. Risasi ya kwanza imenichana hapa. Nikavumilia. Kufika ya sita, risasi zinaenda popote zinapotaka."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, nyusi itapona. Lakini nikiwa porini, mbele yangu anatembea mfuata nyayo, na yeye hana bunduki. Nikimjeruhi nyati kwa sababu ya kitu hiki, nyati akijificha kichakani, wa kwanza kumkuta ni yeye."

Ndugu zangu, siku hiyo sikula.

Nilirudi kwenye lile tangazo la muuzaji, nikalisoma lote, siyo picha tu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na neno "airsoft". Yaani zile skopu ni za kuigiza, zimetengenezwa kukaa juu ya bunduki za mchezo zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6. Bunduki ya namna hiyo haina kishindo cha kurudi begani, kwa hiyo skopu yake haihitaji kuvumilia chochote. Mzee yeye bunduki yake ni ya .375, ya kupigia nyati. Kishindo chake kikasogeza vyuma vya ndani risasi baada ya risasi. Na lile jina la kampuni kubwa lilikuwa feki.

Nikamrudishia mzee hela yote. Nikampigia na yule mteja wa pili kabla hajalalamika, nikamrudishia naye. Zile skopu sita zipo kwenye boksi chini ya meza mpaka leo. Siwezi kuziuza, maana zina jina la watu, na kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa. Ukijumlisha nauli na ushuru, hasara yangu ilizidi laki sita.

Baada ya hapo nikamwomba mzee anifundishe. Haya ndiyo maswali ambayo sasa namuuliza mteja KABLA sijamtafutia skopu:

1. Bunduki yako ni ya aina gani, na leseni unayo? Kishindo kikubwa kinahitaji skopu imara, na yenye nafasi ya kutosha kati ya jicho na kioo. Kwa bunduki nzito, tafuta sentimita 9 au zaidi. Ikiwa fupi, chuma kinakupiga usoni kama kilivyompiga mzee. Halafu usidanganyike na bunduki za upepo zenye springi. Hazina kelele, ila zinatikisika mbele na nyuma na huwa zinaua skopu dhaifu.

2. Unapiga nini, umbali gani? Kwenye 3-9x40, namba 3 mpaka 9 ni mara ngapi inakuza, na 40 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa swala mbugani, 3 mpaka 9 inatosha kabisa. Kwa nyati wa karibu, kwenye vichaka, waongozaji wengi wanataka ndogo zaidi, kama 1 mpaka 4, ili waone eneo pana. Kukuza sana siyo ubora.

3. Unaitumia saa ngapi? Chukua upana wa kioo, gawanya kwa ukuzaji. 40 gawanya kwa 9 unapata 4.4. Hiyo ni milimita za mwanga unaofika kwenye jicho. 40 gawanya kwa 4 ni 10. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka karibu milimita 7, ya mtu mzima inapungua. Kwa hiyo alfajiri na jioni, mteja akipunguza ukuzaji anaona vizuri bila kununua kioo kikubwa, ambacho kinaongeza uzito na kulazimisha skopu ikae juu zaidi.

4. Pete zako za kufungia ni za ukubwa gani? Bomba la skopu mara nyingi ni inchi 1, yaani milimita 25.4, au ni milimita 30. Ukituma lisiloingia kwenye pete, mzigo unarudi na nauli ni yako.

Mzigo ukifika, nao naukagua. Naiweka skopu kwenye friji saa moja, kisha naitoa. Ukungu nje ya kioo ni kawaida. Ukungu NDANI maana yake haijazibwa vizuri, na siku ya mvua itamwangusha mteja. Nageuza vitufe vya kurekebishia, vinatakiwa vilie tiki moja moja, visiwe vinateleza. Kwenye nyingi, kila tiki inasogeza risasi karibu milimita 7 kwa umbali wa mita 100, kwa hiyo kitufe kinachoteleza ni risasi inayopotea. Naelekeza kwenye ukingo wa nyumba ya mbali, nabadilisha ukuzaji, naangalia kama ule msalaba wa ndani unahama. Ukihama, narudisha.

Sasa sikiliza kituko. Nilipomlalamikia yule muuzaji wa China, badala ya fidia akaniambia: "Chukua na bunduki zenyewe za airsoft, utapata wateja." Akanionyesha kwenye video. Jamani, zile bastola ukiziona, huwezi kutofautisha. Uzito wa chuma, rangi nyeusi, hadi maandishi ya kiwandani.

Nikaitazama kama bidhaa yoyote, nikamuuliza. Nguvu yake joule ngapi? Kwa mfano, Japani, ulikoanzia mchezo huu, mwisho ni joule 0.98. Uingereza zinazofyatua mfululizo mwisho ni joule 1.3. Hakuwa na jibu. Ncha ya mdomo ina rangi ya machungwa? Marekani sheria inataka alama hiyo, angalau milimita 6, watu wajue ni ya mchezo. Akasema, "Wateja wako hawapendi, naweza kuitoa."

Hapo ndipo nilipofunga mazungumzo. Airsoft ni mchezo halali katika nchi nyingi, wenye viwanja, miwani ya kulinda macho na kanuni. Lakini mimi hapa sina uwanja. Mteja wangu ni jina tu kwenye WhatsApp. Bastola isiyo na alama, kwenye barabara yenye giza, dereva wa bodaboda ataitambuaje kuwa ni ya plastiki? Na polisi akimkuta kijana ameishika, ataitambuaje? Kwa walioko Kenya, sheria ya silaha inawabana hata wanaotumia bunduki ya kuigiza kwenye uhalifu. Na sera za biashara za Facebook zinakataza kuuza silaha, bunduki za kurusha vidonge zikiwemo, kwa hiyo ukurasa wako wa miaka mitano unaweza kufungwa kwa posti moja.

Hata skopu halisi, kabla hujaagiza, ulizia polisi kwenye ofisi ya leseni za silaha, na forodha. Mimi sasa siweki stoku. Mteja mwenye leseni anaagiza, analipa nusu, ndiyo namtafutia.

Somo langu ni hili. Sisi wa mtandaoni tunauza picha. Kitu cha kuchezea na kitu cha kazi kwenye picha vinafanana, iwe skopu, kofia ya pikipiki, waya wa umeme au mtungi wa gesi. Mteja hawezi kushika, anashika neno lako. Kwa hiyo kwenye kila posti yangu sasa kuna mistari miwili: "Imetengenezwa kwa kazi hii. Haifai kwa kazi ile." Kuna wateja wanasoma wanaondoka. Waache waende.

Mzee alirudi mwezi wa saba, akaagiza skopu nyingine, ya 1 mpaka 4, ghali mara nne ya ile ya kwanza. Alikuja na kijana mmoja mwembamba, akanitambulisha: "Huyu ndiye anayetembea mbele yangu."

Nikampa mkono. Skopu ile niliirudisha kwenye friji mara ya pili.

Wewe bidhaa gani ilikuponza kwa sababu uliamini picha? Andika hapo chini, tujifunze wote. Na kama una mwenzako anaagiza China, mtumie hii kabla hajalipa.