Ngumi nzito kuliko zote haimo: rekodi za michezo ya MMA, tukisubiri toleo jipya

Oktoba 27, 2023 kampuni ya EA Sports ilitoa UFC 5, mchezo wa video wa MMA (mapigano mchanganyiko) ambao mashabiki waliusubiri kwa miaka mitatu. Wapiganaji zaidi ya 200 walikuwemo. Francis Ngannou wa Kameruni hakuwemo, kwa kuwa Januari ya mwaka huohuo aliachana na shirika la UFC akiwa bado ameshika mkanda. Kesho yake, Oktoba 28, Ngannou alipanda ulingoni mjini Riyadh kwa pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa, na katika raundi ya tatu akamlaza chini Tyson Fury, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Waamuzi walimpa Fury ushindi kwa kura mbili dhidi ya moja. Hata hivyo dunia nzima ilikwisha kuona, na sijui mchezo mwingine wa video uliozeeka ndani ya usiku mmoja namna ile.

Hapa Bukavu, vijana wanaoshinda kwenye kumbi za PlayStation za Kadutu na Nyawera huuliza kila mara toleo litakalofuata litakuwaje. Jibu langu ni kwamba lipimwe kwa rekodi za yaliyotangulia. Na ukizipanga rekodi hizo mezani, nyingi zina mkono wa Mwafrika, hata pale ambapo jalada halisemi.

Mkongwe kuliko wote katika michezo ya UFC ni Ultimate Fighting Championship wa mwaka 2000, uliotengenezwa na Anchor ya Japani kwa ajili ya mashine ya Dreamcast. Shindano la kwanza la UFC lilifanyika Denver, Novemba 12, 1993, kwa hiyo mchezo ulichelewa miaka saba. Uliofungua milango hasa ni UFC 2009 Undisputed wa kampuni ya THQ, uliotoka Mei 2009 na kuuza zaidi ya nakala milioni 1 nchini Marekani katika mwezi huo mmoja. Mwaka 2012 haki zikahamia EA, na tangu 2014 wametoa matoleo matano.

Kwa kunogewa tu, taji langu nalivika UFC Undisputed 3 ya mwaka 2012. Ulikuwa na sehemu ya Pride, shindano la zamani la Japani, ambako mtu aliyeanguka anaruhusiwa kupigwa teke la kichwa na hakuna anayepuliza filimbi. Ni ukatili, ndiyo, lakini ulikuwa na sheria tofauti, ulingo wa kamba badala ya kizimba cha pembe nane, hata mtangazaji mwingine. Katika matoleo yao ya UFC, EA hawajatupa kitu chenye sura mbili namna hiyo, na ni jambo la kwanza ambalo ningelitafuta katika toleo jipya.

Ushindi wa haraka kuliko wote katika historia ya UFC ni wa sekunde 5: Jorge Masvidal alimrukia Ben Askren na goti Julai 6, 2019, kabla watazamaji wengi hawajakaa vizuri. Mwaka uliofuata Masvidal akawekwa kwenye jalada la UFC 4. Aliyesimama pembeni yake ndiye anayetuhusu zaidi: Israel Adesanya, mzaliwa wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye jalada la michezo ya UFC. Naye ana rekodi yake. Alipomtoa Robert Whittaker mjini Melbourne mwezi Oktoba 2019, uwanja ulijaa watu 57,127, umati mkubwa kuliko wowote uliowahi kuhudhuria shindano la UFC.

UFC 4 ndiyo picha ya kipindi ambacho Afrika haijawahi kukiona tena. Kuanzia Machi 2021, Ngannou alipomzimisha Stipe Miocic, hadi Agosti 2022, Kamaru Usman alipopigwa teke la kichwa na Leon Edwards, mikanda mitatu kati ya minane ya wanaume ilikuwa viunoni mwa watu waliozaliwa barani kwetu. Ukiingia kwenye orodha ya wapiganaji wa mchezo ule unawakuta wote watatu: Ngannou, Usman na Adesanya. Zaidi ya hapo, EA waliwaongeza Tyson Fury na Anthony Joshua, wanandondi wasio wa MMA kabisa. Maana yake kijana wa Bukavu mwenye PlayStation 4 aliweza kumgonganisha Ngannou na Fury, kisha Ngannou na Joshua, miaka mitatu kabla mapambano hayo hayajatokea kweli. Joshua, kama tunavyokumbuka kwa uchungu, alimmaliza Ngannou katika raundi ya pili mwezi Machi 2024.

Sasa hiyo ngumi ya Ngannou. Mwaka 2017, katika kituo cha mazoezi cha UFC mjini Las Vegas, Ngannou alipiga kifaa kiitwacho PowerKube, kikasoma vipimo 129,161. Ikatangazwa kuwa ngumi nzito kuliko zote zilizowahi kupimwa. Baadaye Alex Pereira wa Brazili aliipita kwa 191,796 kwenye kifaa cha aina hiyo, lakini hadithi ya mtu aliyechimba mchanga kijijini Batié akiwa mtoto haikufutwa na namba. Ndani ya UFC 4 ngumi yake inazima mtu kwa pigo moja, ila usijidanganye: pumzi inamwishia upesi, kama ilivyomwishia kweli mbele ya Miocic mwezi Januari 2018. Anayemtumia Ngannou huku akibonyeza vitufe kama anatwanga pondu hafiki raundi ya pili.

Hapo ndipo naona vijana wetu wanapopotea. Wengi wametoka kwenye mpira na wanashika maneti kwa haraka ya mpira. Kwenye PlayStation, R2 inakinga kichwa. Ukibonyeza L2 pamoja na R2 unakinga mbavu. Mpinzani mwerevu anakupiga mbavuni mara tatu, nne, mpaka mikono yako ishuke, ndipo anapandisha ngumi au teke la kichwa. Pumzi iliyopotea kwa makonde ya mbavu hairudi yote ukikaa kwenye kiti kati ya raundi. Na chini sakafuni, UFC 5 iliondoa ule mchezo mdogo wa kushindana vitufe wakati wa kabali, ili mkono ukifunga shingo uone mwili wenyewe unavyoteseka badala ya vipimo vya rangi kwenye skrini. Hilo ni bora, nalikubali kwa moyo mmoja.

UFC 5 pia ndiyo yenye damu nyingi kuliko zote: ya kwanza katika mfululizo wa EA kuwekewa alama ya umri wa miaka 17 na kuendelea. Jeraha juu ya jicho linaweza kumfanya daktari asimamishe pambano, na upande ulioumia unapunguza uwezo wa mpiganaji. Wenye kumbi, naomba mliangalie hili. Watoto wa shule za msingi wanasimama nyuma ya viti wakisubiri zamu.

Aliyekuja kutoka mbali kuliko wote kuingia katika mchezo huu ni Muhammad Ali. Yumo kwenye UFC 5, na Mkongomani hawezi kumchagua bila kukumbuka usiku wa Oktoba 30, 1974, Kinshasa, Uwanja wa Mei 20, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Kila mmoja wao aliahidiwa dola milioni 5 chini ya utawala wa Mobutu. Kwa hiyo ndani ya mchezo umo ushindi maarufu kuliko wote uliopatikana kwenye ardhi yetu, lakini Kinshasa yenyewe haimo kama uwanja wa kupigania. Nje ya mchezo, wapiganaji wetu hawakosekani: Dalcha Lungiambula, mzaliwa wa Kongo aliyekulia katika mapigano ya Afrika Kusini na kushika mikanda ya madaraja mawili ya uzito katika shirika la EFC, aliingia UFC mwaka 2019. Ilunga Makabu alitwaa mkanda wa ndondi wa WBC mjini Kinshasa Januari 2020, na mdogo wake Martin Bakole akamsimamisha Jared Anderson mjini Los Angeles Agosti 2024. Wanandondi hao wawili unaweza kuwatengeneza mwenyewe ndani ya mchezo. Tumia nafasi hiyo.

Kuna rekodi moja ambayo hakuna jarida la michezo linaloiandika, na sisi wa Kivu Kusini tunapaswa kuiandika. Ndani ya mashine hizi kuna kapasita za tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. PlayStation 2, mashine ya michezo iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 160, ilitoka mwaka 2000. Mwaka huohuo, simu za mkononi zikihitaji madini yaleyale na wafanyabiashara wakilimbikiza, bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi. Watu waliacha mashamba wakakimbilia machimboni, wengine ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na sokwe wakachinjwa kwa nyama ya wachimbaji. Bei ilipoporomoka mwaka 2001, bunduki zilibaki. Wala hatua za baadaye hazikutuliza mchimbaji mdogo: sheria ya Marekani ya Julai 2010 kuhusu madini ya migogoro, kisha amri ya Rais Kabila iliyosimamisha uchimbaji huko Kivu na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, zilimkata riziki mtu ambaye hajawahi kushika maneti.

Bei ya michezo nayo ina rekodi yake. UFC 4 ilitoka kwa dola 59.99, UFC 5 kwa 69.99, na toleo lake la kifahari kwa 99.99. Tena UFC 5 haichezeki kwenye PlayStation 4. Hapa kwetu, tangu waasi wa M23 waliposhika mji Februari 2025, benki zimefungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu hauhudumii abiria, hivyo kununua kwa kadi mtandaoni ni mtihani. Ongeza umeme wa Ruzizi unaokuja na kuondoka.

Uamuzi wangu, basi: mwenye PlayStation 4 atafute diski ya UFC 4 iliyotumika na asione haya, maana yumo Ngannou, Usman na Adesanya, na hakuna toleo la baadaye lenye wote hao pamoja na Fury na Joshua. Mwenye PlayStation 5 achukue UFC 5 kwa ajili ya Ali na kabali zake. Na toleo jipya likitangazwa, kabla hujatoa dola zako, fungua orodha ya viwanja uangalie kama Kinshasa imo.