Berlin kwa Miguu: Majina ya Kwetu Kwenye Vibao vya Ujerumani

Wedding, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji la Berlin, kuna kitongoji kiitwacho Afrikanisches Viertel. Hufikiwa kwa treni ya chini ya ardhi, laini U6, na kituo cha kushukia ni Afrikanische Straße. Barabara zake mbili za kwanza zilipewa majina ya Kamerun na Togo mwaka 1899, enzi Ujerumani ilipojivunia makoloni. Baadaye zikaja Tangastraße, Usambarastraße na Sansibarstraße. Mtu wa Bukoba au Muleba akipita hapo husoma vibaoni majina aliyoyakariri shuleni kwenye somo la jiografia.

Katika kitongoji hichohicho, barabara ya Petersallee iliitwa hivyo mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, yule aliyejipatia ardhi ya Usagara kwa mikataba ya hila mwaka 1884. Agosti 2024 sehemu yake moja iliitwa Maji-Maji-Allee, na nyingine ikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia. Heshima hiyo ilichelewa mno.

Neukölln, kusini mwa jiji, badiliko linaigusa Kagera yenyewe. Wissmannstraße ilimkumbuka Hermann von Wissmann, aliyezima vita vya Abushiri pwani, na aliyekuwa kamishna wa Ujerumani wakati Emin Pasha alipotumwa kanda ya ziwa na kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Tangu Aprili 2021 barabara hiyo ni Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wa Moshi, mwanamke wa kwanza Tanzania kuingia katika safu ya mawaziri.

Kumbukumbu nyingine iko chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, Brunnenstraße namba 193. Ni jiwe lenye bamba la shaba ya njano, upana wake kama sentimita 10. Asiyeinama hawezi kulisoma. Lina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari angali mtoto, akafundisha Kiswahili chuoni Berlin, na kufia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Mbali na majina ya vibaoni na jiweni, jiji lina michoro ya ukutani; iliyo maarufu zaidi iko Mühlenstraße, kwenye mita 1,316 za ukuta uliowahi kuligawa jiji. Wasanii 118 kutoka nchi 21 waliuchora mwaka 1990. Ukivuka daraja la Oberbaumbrücke unaingia May-Ayim-Ufer, ukingo wa mto uliobeba hadi 2010 jina la mjenzi wa ngome ya biashara ya watumwa huko Ghana. Sasa ni wa mshairi May Ayim, ambaye baba yake alikuwa Mghana.